Benki, mikopo na thamani ya pesa: maswali yanayoulizwa sana Unguja na Pemba

Hesabu zote humu ni za mfano. Viwango vya benki yako viulize siku unayokwenda, maana hubadilika, na tangazo la ukutani huwa limetangulia au limechelewa.

Nina kitambulisho cha Mzanzibari tu, cha NIDA bado. Nitafunguliwa akaunti?

Ukienda tawini mwenyewe, mara nyingi ndiyo. Beba kitambulisho, barua ya sheha wa shehia unayoishi sasa (si ile uliyozaliwa), picha mbili, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na kianzio. Unaokwama ni ufunguaji wa kwenye simu, kwa sababu mfumo unataka namba ya NIDA na bila hiyo hauendelei.

Kinachorudisha watu nyumbani zaidi ni majina. Kitambulisho kinasema Mwanakhamis Juma Ali, laini ya simu imesajiliwa Mwana Juma, barua ya sheha ina jina la babu. Karani hana ruhusa ya kukisia. Linganisha karatasi zote kabla ya kutoka nyumbani.

Benki mbili zimenitajia riba ileile ya asilimia 18, lakini rejesho la mwezi halilingani. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Wanapiga hesabu kwa njia mbili, na hapa ndipo pesa nyingi za wakopaji zinapopotea, kwa hiyo tulia nasi kidogo.

Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 wa miezi 12. Njia ya kwanza, riba inahesabiwa juu ya mkopo wote kuanzia mwezi wa mwanzo mpaka wa mwisho, kana kwamba hujalipa hata senti. Asilimia 18 ya 3,000,000 ni 540,000. Jumla unarudisha 3,540,000, sawa na 295,000 kila mwezi.

Njia ya pili, riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza unatozwa asilimia 1.5 ya 3,000,000, yaani 45,000. Rejesho ni kama 275,040, kwa hiyo 230,040 inapunguza deni. Mwezi wa pili riba inapigwa juu ya 2,769,960 tu, na inaendelea kushuka hivyo. Mwisho wa mwaka umelipa riba ya 300,480.

Tofauti ni karibu 240,000 kwa mkopo mmoja wenye "riba ileile". Ukiigeuza ile ya kwanza ili iseme lugha ya ile ya pili, asilimia 18 yake ni kama asilimia 31 na ushei. Ndiyo maana swali la "riba yenu asilimia ngapi?" halitoshi. Uliza hivi: nitatia mkononi shilingi ngapi, nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na nionyeshwe jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi. Anayesita kukupa jedwali hilo kabla ya saini, ondoka.

Nimeidhinishiwa milioni tatu, imeingia pungufu. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Ada ya kushughulikia mkopo, bima ya maisha ya mkopaji na gharama za kusajili dhamana hukatwa mwanzoni. Ada ikiwa asilimia 2 na bima asilimia 1, unapokea 2,910,000 lakini riba inahesabiwa kwa 3,000,000. Hakikisha kila makato yameandikwa kwenye barua ya mkopo. Lisiloandikwa, ulizia risiti yake.

Bima hiyo ina kazi: mkopaji akifariki, deni hulipwa na bima na si na warithi. Wengi hawalijui hili, wakaanza kuuza vitu vya marehemu kulipa deni lililokwisha kulindwa. Waulize benki kwanza.

Nataka mkopo usio na riba. Murabaha ni tofauti kweli, au ni riba iliyovishwa kanzu?

Tofauti ipo ikiwa biashara imefanyika kweli. Katika murabaha benki haikupi pesa. Wewe unataja kitu, tuseme friza na mashine ya boti vya shilingi 4,000,000. Benki inavinunua, vinakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa wazi, mfano 4,720,000, ulipe kwa miezi 12. Bei ikishafungwa haipandi, hata ukichelewa. Faini ya kuchelewa, ikiwapo, haiingii kwenye faida ya benki bali hutolewa sadaka.

Alama za kuangalia ni hizi. Mkataba wa kuuziana usiandikwe kabla benki haijamiliki kitu. Malipo yaende kwa muuza duka, yasipite mfukoni mwako. Ukipewa fedha taslimu na kuambiwa "kanunue mwenyewe, ulete risiti yoyote", hapo pana walakini, na una haki ya kuuliza bodi ya sharia ya benki hiyo imeupitisha utaratibu huo au la. Kutafuta risiti ya uongo kwa rafiki mwenye duka, jambo linalofanyika zaidi kuliko linavyosemwa, kunaharibu mkataba na kukuweka wewe kwenye hatia ya kughushi.

Halali si lazima iwe rahisi. Faida ya 720,000 katika mfano huu ni asilimia 18 ya ile 4,000,000 nzima iliyonunulia vitu, sawa na ile njia ya kwanza ya riba hapo juu. Linganisha kwa shilingi. Uliza pia ukimaliza mapema utapunguziwa kiasi gani. Msamaha huo huwa ni hiari ya benki, si haki yako, isipokuwa uwe umeandikwa.

Huduma hizi zinapatikana PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) kupitia Ikhlas, Amana Bank ambayo yote inaendeshwa kwa misingi hiyo, na madirisha ya Kiislamu ya benki za kawaida, kwa mfano Al Barakah ya CRDB. Mbali na murabaha, uliza ijara ikiwa unataka kukodi chombo kwanza na kukimiliki baadaye, na musharaka ikiwa mtaji wako na wa benki utaingia biashara moja.

Nyumba ninayo, ya mawe, ina umeme na maji. Mbona benki inaikataa?

Benki haitazami tofali, inatazama karatasi. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali. Mtu anachokuwa nacho ni haki ya matumizi, na inayothibitisha ni hati iliyosajiliwa. Karatasi ya mauziano yenye saini ya sheha na mashahidi wawili inaonyesha kwamba ulinunua, lakini haisajiliwi kama rehani. Anza Kamisheni ya Ardhi: utambuzi wa eneo, upimaji, kisha hati. Huchukua muda, basi usisubiri mpaka siku unayohitaji pesa.

Nyumba ya urithi ambayo haijagawiwa ni tatizo jengine, na pengine ndilo kubwa kuliko yote hapa kwetu. Baba amefariki miaka mingi, watoto saba, mmoja Dar es Salaam, mmoja Oman, anayeishi ndani anajiona ndiye mwenyewe. Kisheria ana fungu tu. Benki itataka mirathi ifunguliwe na mgawanyo uthibitishwe Mahakama ya Kadhi au kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha warithi wote waridhie kwa saini. Dada aliyesahauliwa leo ndiye atakayesimamisha mnada kesho, na benki inalijua hilo.

Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Hapo hakuna mjadala.

Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 yalitolewa kwa masharti, na huwezi kuyakatakata na kuyaweka dhamana kama kiwanja ulichonunua. Vilevile miti. Mila zetu zinaruhusu mmoja kumiliki mikarafuu au minazi na mwengine ardhi iliyo chini yake. Kwa benki, miti bila ardhi haitoshi kuwa dhamana.

Ukikosa hati, zipo njia nyengine: mshahara unaopitia benki hiyo, amana ya muda maalum, kadi ya gari, au dhamana ya kikundi.

Ndugu yangu ananiomba nimdhamini. "Ni saini tu," anasema.

Ni deni. Mkopaji akishindwa, benki haina haja ya kumaliza kumfukuza yeye ndipo ije kwako, na mshahara wako unaweza kukatwa. Kabla ya kusaini, jiulize kama uko tayari kulilipa lote wewe. Ikiwa jibu ni hapana, mwambie ndugu yako leo. Ukikubali, taka nakala ya mkataba na uombe dhamana yako iwekewe kikomo cha shilingi, kwa sababu mikataba mengine inakufunga hata kwa mkopo atakaouongeza baadaye bila kukwambia.

Mimi ni mtumishi wa Serikali. Naweza kukopa mpaka wapi?

Kanuni inayotumika ni kubakiza angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Mshahara wa 600,000 ubakie na 200,000. Hicho ni kikomo cha mkopeshaji, si ushauri. Familia ya watu sita Mwanakwerekwe haiishi mwezi kwa 200,000.

Jihadhari na kujazia mkopo kabla ya ule wa mwanzo kwisha. Deni la zamani linalipwa na mkopo mpya, muda unaanza upya, ada na bima zinakatwa tena, na riba nyingi hulipwa miezi ya mwanzo. Anayejazia kila mwaka huwa yuko kwenye miezi ya riba siku zote.

Mikopo ya "kausha damu" ni ghali kiasi gani hasa?

Unapewa 100,000, unalipa 4,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 120,000, ukaona ni asilimia 20. Lakini laki hiyo hukai nayo mwezi mzima. Siku ya 15 umeshairudisha zaidi ya nusu. Kwa pesa uliyonayo kweli mkononi, gharama ni kama asilimia 1.2 kwa siku, sawa na asilimia 36 kwa mwezi mmoja. Benki hutoza chini ya hiyo kwa mwaka mzima.

Anayeuza samaki Darajani pengine anaweza kuubeba, kwa sababu mtaji wake unazunguka kila siku. Mwenye duka la nguo hawezi. Na wote wawili wanaumia siku isiyo na biashara, maana mkusanyaji haulizi kama kulikuwa na mvua.

Na mikopo ya programu za simu?

Tofautisha. Huduma za kukopa ndani ya mtandao wako wa simu, zinazopatikana kwenye menyu ya pesa, zinashirikiana na benki zenye leseni. Soma ada yake tu, kwani mara nyingi hutozwa kwa siku. Programu za kupakua ni habari nyengine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mchezo wao unajulikana: programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili, mkwe wako, mwalimu wa skuli na bosi wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mwizi.

Kabla ya kupakua, angalia jina la kampuni (si la programu) kwenye orodha ya waliopewa leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Ukishanaswa, lipa kiasi ulichokopa kwa njia yenye kumbukumbu, piga picha za vitisho vyote, ondoa ruhusa kwenye simu, kisha peleka malalamiko.

Mtu anataka kukodi mikarafuu yangu kabla ya msimu, anilipe taslimu. Ni bora kuliko mkopo?

Ni mkopo kwa jina jengine, basi uupigie hesabu vilevile. Tuseme anakupa 2,500,000 kwa mavuno yote, na wewe unatarajia kilo 300 kavu. Chukua bei ya mfano ya 15,000 kwa kilo kwenye kituo cha ZSTC, shirika pekee lenye idhini ya kununua karafuu: 4,500,000. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, hivyo utachuma kilo 900. Ikiwa mchumaji anakugharimu 1,000 kwa kilo mbichi (huko mashambani mtapatana kwa pishi), ni 900,000. Majamvi, kuanika, walinzi na usafiri weka 300,000. Unabakiwa na 3,300,000.

Kwa kupokea pesa miezi mitatu mapema umeacha 800,000, sawa na asilimia 32 ya ulichopewa. Ghali mno, isipokuwa kwa jambo moja: mkodi amebeba hatari. Mvua ikinyesha siku za kuanika, karafuu zikioza au kushuka daraja, hasara ni yake. Na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Baada ya mwaka wa neema huja mmoja au miwili ya kupumzika. Mwaka ambao vikonyo ni vichache, kukodisha si ujinga. Mwaka ambao miti imeinama, tafuta mkopo mdogo wa kulipia wachumaji tu, uvune mwenyewe.

Ukikodisha, andikianeni mbele ya sheha: idadi ya miti, mwisho wa msimu, na nani analipa tawi likivunjwa.

Ninalima mwani. Kwa nini rejesho la kila mwezi linanishinda?

Kwa sababu mwani hukomaa kwa wiki sita hivi, na marejesho yanakuja kila wiki nne. Omba ratiba inayofuata mavuno. Maafisa wengi hukubali ukiomba mwanzoni, wachache sana baada ya kuchelewa. Na ukipewa kamba na nyuzi na mnunuzi kwa sharti la kumuuzia yeye tu, pungufu la bei kwa kilo ndiyo riba yako. Uliza mnunuzi wa pili anatoa ngapi, kisha zidisha kwa kilo zako.

Kikundi chetu tuna sanduku. Kuna haja gani ya benki?

Vikundi vya kuweka na kukopa vina mizizi hapa. Mfumo wa JOSACA ulianzia vijiji vya jirani na msitu wa Jozani kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea hadi Pemba. Utaratibu wake ni mzuri: sanduku la makufuli matatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu mbele ya wote, mfuko wa jamii unatengwa na mfuko wa mikopo, na mwisho wa mwaka mnagawana.

Panapoharibika ni karibu na kugawana. Sanduku limejaa, kijiji kizima kinajua, na wanachama wanne wana mikopo hawajarudisha. Zuieni mikopo mipya miezi miwili kabla ya kugawana, na pesa za wiki hizo zilazwe benki kwenye akaunti ya kikundi yenye saini tatu. Akaunti hiyo huwafaa pia mkitaka kuomba mikopo nafuu ya wajasiriamali kupitia ZEEA (Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar), kwani kikundi kisicho na usajili, katiba na kumbukumbu za benki hubaki nje ya mstari.

Mchezo wa kupokezana ni kitu chengine kabisa. Anayepokea mwanzo amekopeshwa bila riba, anayepokea mwisho amekopesha. Akihama aliyekwisha kupokea, hasara ni ya yule wa mwisho. Basi wa mwanzo awe yule mnayemjua kwake.

Rejesho limenishinda. Nijifiche au niende?

Nenda, na uende kabla ya tarehe ya rejesho. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu, benki inalazimika kutenga fedha kwa ajili yake, na afisa uliyezoeana naye hana tena mamlaka. Faili limehamia kwa wakusanyaji. Kabla ya hapo anaweza kurefusha muda, kukuacha ulipe riba tu kwa miezi michache, au kupanga upya.

Peleka maandishi: kilichotokea, pato lako la sasa, kiasi unachoweza na kuanzia lini. "Nitajitahidi" haiingii kwenye mfumo. Taarifa zako pia huenda kwenye kanzidata ya wakopaji inayosomwa na benki zote, kwa hiyo kuhamia benki ya jirani hakusaidii. Una haki ya kuomba ripoti yako. Iombe hasa ukishamaliza deni, kwani wapo waliolipa zamani na bado wanasomeka wadaiwa.

Nimepata pesa, nimalize deni mapema?

Turudi kwenye ule mkopo wa 3,000,000 kwa deni linalopungua. Baada ya marejesho sita deni limebaki kama 1,567,000. Ukiendelea kawaida utalipa 1,650,000 na kidogo. Unaokoa kama 83,000, toa faini ya kulipa mapema ikiwa ipo: asilimia 3 ingekula 47,000. Kwa ile hesabu ya riba ya mkopo mzima huenda usiokoe chochote. Ukishalipa, usitoke bila barua ya kumaliza deni na hati yako, na rehani ifutwe kwenye usajili.

Nimetuma pesa namba isiyo ya niliyemkusudia. Nifanyeje?

Piga 100 ya mtandao wako papo hapo, taja namba ya muamala, omba pesa izuiwe. Usianze kwa kumpigia aliyepokea, maana ukimshtua ataitoa kwa wakala wa karibu. Akiwa ameshaitoa, utahitaji taarifa ya polisi.

Upande wa pili, ukiletewa ujumbe "nimekosea kutuma, nirudishie", tazama salio lako kwanza, si ujumbe. Na hata salio likiwa limeongezeka, usimrudishie mwenyewe. Mwambie apigie mtandao wake. Jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040 pamoja na namba iliyotuma. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Benki ikifungwa, pesa zangu?

Bodi ya Bima ya Amana hulipa mpaka shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Inayozidi husubiri ufilisi. Bima hii ni ya benki zenye leseni. Sanduku la kikundi na mchezo hazimo.

Baba amefariki, kadi yake na namba ya siri tunazo. Tutoe tu za mazishi?

Hapana, hata kama kila mtu hufanya. Kuanzia alipofariki pesa ni za warithi wote na wanaomdai, na taarifa ya akaunti inaonyesha saa na mashine iliyotumika. Ipasheni benki kwa cheti cha kifo, akaunti isimamishwe, fungueni mirathi, na msimamizi ndiye atakayelipwa. Akiwa alichangia ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), faili la huko ni jengine. Ulizeni mafao kivyake.

Tumekuta noti za zamani ndani ya kasha la bibi.

Benki Kuu ilizipokea kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025: noti za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo si fedha halali. Anayekuambia anaweza kukubadilishia kwa nusu ya thamani anakuongopea.

Benki Kuu imepunguza riba. Mbona ya mkopo wangu haikushuka?

Riba ya Benki Kuu ilianza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi asilimia 6 mwezi wa Aprili mwaka huohuo, ikashuka hadi asilimia 5.75 Julai 2025. Hiyo inaongoza bei ya fedha ambazo benki zinakopeshana kwa siku chache. Mkopo wako una gharama nyengine juu yake: riba wanayolipa wenye amana kubwa, uendeshaji wa matawi, na hasara ya wasiolipa. Na ikiwa mkataba wako una riba isiyobadilika, haitabadilika. Robo ya asilimia kwa mkopo wa milioni tatu ni shilingi chache. Hati safi au marejesho yasiyochelewa yatakushushia riba zaidi ya hapo.

Nikiweka pesa kwa muda maalum, napata faida au najidanganya?

Weka 5,000,000 kwa asilimia 9, mwaka mmoja. Riba 450,000, kodi ya zuio asilimia 10 ni 45,000, unabaki na 405,000, yaani asilimia 8.1. Sasa toa mfumuko wa bei. Tumia wa Zanzibar, unaotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, usitumie wa bara. Kapu letu ni tofauti: mchele wa Mapembe, unga, sukari na mafuta huvuka bahari, na meli ikichelewa au nauli ikipanda tunaona sisi kwanza. Mfumuko ukiwa asilimia 5, ulichozidisha kweli ni kama 3. Si haba, lakini si utajiri. Asiyetaka riba aulize akaunti ya mudharaba, ambako faida hugawanywa kwa uwiano na haiahidiwi.

Nilipwe kwa dola au shilingi?

Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, hivyo mkataba wa pango la chumba Paje kati ya Mtanzania na Mtanzania uandikwe kwa shilingi. Ukiwa nazo dola, badilisha benki au duka lenye leseni na uchukue risiti. Noti ndogo ndogo, zilizochanika na za miaka ya nyuma hupewa bei ya chini au hukataliwa, basi usizipokee kwa mgeni kama hujui utazipeleka wapi. Na usikope kwa dola ikiwa pato lako ni la shilingi.

Benki imenikata pesa nisizozielewa. Nianzie wapi?

Tawini kwako, kwa maandishi. Andika tarehe, kiasi, namba ya muamala na unachotaka kifanyike, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo kwa karani wa dirishani hayana kumbukumbu; akihamishwa Wete, na lako limehama. Usiporidhika na jibu, au jibu lisipokuja, dawati la malalamiko la Benki Kuu linapokea. Tawi lao lipo Unguja, na walio Pemba wanaweza kutuma kwa maandishi badala ya kupanda boti. Ambatisha ile nakala yenye muhuri na majibu ya benki, kwa sababu kitu cha kwanza watakachouliza ni kama ulianzia tawini.